Ngoma Iliyotangulia Wenyewe

Mji wa Masasi umekaa chini ya vilima vya mawe matupu ambavyo msafiri atokaye Lindi huviona kabla hajaona paa hata moja. Na ukiupa mji huo kisogo ukaelekea mashariki na kusini, ardhi huinuka mpaka ukafika juu ya uwanda wa Makonde, ambao Newala imesimama ukingoni mwake ikilitazama bonde la Ruvuma, na Mahuta na Tandahimba zimekaa ndani yake katikati ya mikorosho. Uwanda huo haukujaaliwa mito, na tangu kale wanawake wake wameteremka magengeni na mitungi, wakachota maji bondeni na kupanda nayo. Lakini kwa ngoma umejaaliwa kuliko nchi nyingi, na ngoma hizo zimevuka bahari tangu zama ambazo wachezaji wenyewe hawakuwa na habari kwamba ng'ambo kuna watu wa kuzisikiliza. Vijana wa siku hizi, ambao huona katika simu zao makundi ya waimbaji wa Korea yakizunguka dunia na kujaza viwanja vya mpira, hudhani kuwa muziki wa watu wachache kuwafikia walimwengu ni muujiza wa karne hii. Kusafiri kwa muziki ni jambo la zamani. Jambo la kuulizwa ni nani aliyeuchukua, na nani aliyebaki nyumbani ulipoondoka. Na kwa habari hiyo uwanda wa Makonde una tarikhi ndefu.

Safari ya kwanza ninayoweza kuisimulia kwa hakika ni ya mwaka 1906. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha kupita katika nchi hii, na misheni ya Masasi, iliyoasisiwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere pamoja na watu waliookolewa utumwani, ilikuwa imeteketezwa mwaka uliotangulia. Katika hali hiyo akaja Karl Weule, mtaalamu wa mila za mataifa kutoka mji wa Leipzig, ambaye nia yake ya asili ilikuwa kwenda Irangi, lakini kwa sababu ya machafuko akaelekezwa kusini. Alishuka Lindi, akapanda bara na wapagazi wake Wanyamwezi mpaka Masasi, akakaa Chingulungulu kwa Sultani Matola wa Wayao, na hatimaye akaupanda uwanda akakaa Newala na Mahuta.

Katika mizigo iliyobebwa vichwani mwa wapagazi hao mlikuwa na vyombo viwili ambavyo havijapata kuonekana huku. Kimoja kilikuwa fonografu, na cha pili kamera ya picha zinazotembea. Fonografu ya siku hizo haikuhitaji umeme wala kitu kingine chochote ila mkono wa kuitia ufunguo. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe pana, akaimba kwa nguvu, na mtetemo wa sauti yake ukaisukuma sindano ikachora mfereji mwembamba katika mche wa nta uliokuwa ukizunguka. Kisha sindano ikirudishwa mwanzo, mfereji ule ule huisukuma nayo, na sauti hutoka katika pembe ilimoingia. Mche mmoja haukuchukua zaidi ya dakika mbili au tatu, na joto la kusini liliilegeza nta hata baadhi ya sauti zikapotea kabla hazijafika pwani. Nani kati ya waliocheza ngoma usiku kucha mpaka nyota ya alfajiri alipata kuwaza kwamba ngoma yake inaweza kukatwa ikawa ya dakika tatu? Nayo kamera ya picha zinazotembea ilikuwa bubu. Iliwachukua wachezaji wakiruka na kuzunguka katika vumbi, lakini haikuchukua mlio wa ngoma iliyowarusha. Hivyo sauti ikafungwa katika mkebe mmoja na mwili katika mkebe mwingine, vikapakiwa melini pamoja na barakoa za mapiko, vinyago, vyombo vya nyumbani na silaha, vikaenda Ujerumani, na hakuna mwimbaji hata mmoja aliyepanda meli kuifuata sauti yake.

Weule alikuwa mtazamaji hodari, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1908, na kufasiriwa kwa Kiingereza na Bi Alice Werner mwaka uliofuata, kina habari za jando na unyago, za nyumba na mashamba, ambazo hata wajukuu wa wale aliowaandika huzisoma kwa faida. Lakini aliandika kama mtu wa dola iliyoshinda, na kicheko chake mara nyingi kinamwangukia asiyestahili. Aliporudi kwao akawa mkurugenzi wa jumba la makumbusho la Leipzig. Mimi simlaumu kwa kuchukua sauti, maana bila yeye sauti za mwaka 1906 zingekufa na koo zilizozitoa. Namtaja kwa sababu katika safari hiyo ya kwanza utaratibu uliwekwa, na utaratibu huo ulidumu: ngoma huenda, na wenyewe hubaki.

Baadaye njia ziligeuka, ngoma za nje zikaja kwa wenyeji. Vita ya kwanza ya dunia iliifikia nchi hii kwa ukali mwaka 1917, Oktoba yakawa mapigano ya Mahiwa nyuma ya Lindi, na Novemba jeshi la von Lettow-Vorbeck likavuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno. Askari na wapagazi waliorudi majumbani walirudi na beni, mchezo uliozaliwa miji ya pwani katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, wenye kuiga gwaride na matarumbeta ya Wazungu, wenye vyeo vya kubuni na vyama vilivyoshindana, Marini na Arinoti, ambavyo vilienea Tanganyika nzima. Kadhalika, Wamakonde wengi waliondoka kutafuta ijara katika mashamba ya mkonge ya Tanga na ya karafuu Unguja, na huko waliwamba ngoma zao upya, wakazicheza siku za mapumziko mbele ya makabila mengine. Hizo zilikuwa safari za kweli, maana mwenye ngoma alikwenda pamoja nayo. Lakini alikwenda kama kibarua, na kiingilio hakikuwako.

Upande wa dini nao haukunyamaza. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi jimbo lilipoundwa mwaka 1926, alikuwa amekwisha kuona tangu mapema kwamba jando halitakufa kwa kuhubiriwa vibaya, akalifanyia taratibu za Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Na kwa kuwa jando haliendi bila ngoma, ngoma zikapata kivuli cha kukaa chini yake wakati ambapo misheni nyingine zilizitoa nje ya ua.   

Sasa niseme habari ya sindimba, ngoma ya Wamakonde ambayo ndiyo kiini cha hadithi hii. Tanganyika ilipokuwa jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962, akatangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba wasomi wengi wa nchi walijua kucheza rumba na chachacha na twist, ilhali wachache walipata hata kusikia gombe sugu, mangala au lele mama. Katika ngoma alizozitaja siku hiyo sindimba haikuwamo. Miongoni mwa walioiongoza wizara hiyo katika miaka yake ya mwanzo alikuwa Lawi Nangwanda Sijaona, mtoto wa uwanda wa Makonde, ambaye jina lake leo limo katika kiwanja cha mpira cha Mtwara. Haikupita miaka miwili kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma, kwa fikra iliyokuwa ikienea barani zama hizo: Guinea ilikuwa na Ballets Africains, kundi alilolianzisha Keïta Fodéba huko Paris kabla ya uhuru na ambalo baada ya mwaka 1958 likawa la dola, na Uganda nayo ikaunda Heartbeat of Africa. Kila taifa changa lilitaka liwe na jambo la kuonyesha mgeni anaposhuka uwanja wa ndege, na la kupeleka kwa marafiki wanapoalika.

Kikundi cha Tanzania kikakusanya ngoma za makabila mengi, lakini kati ya zote ni sindimba ya Wamakonde iliyotangulia mbele. Sababu zake si siri. Sindimba ni ngoma ya kiuno, na kiuno hufahamika katika kila lugha. Ni ngoma ya wanaume na wanawake pamoja, wenye njuga miguuni na kaniki kiunoni. Na upigaji wake, pale vinganga vidogo vilivyochomekwa ardhini vinapochapwa kwa fito nyembamba, na msondo mrefu ukaingia chini yake kwa sauti nzito, humtoa mtu katika kiti hata asipojua anachezea nini. Nyumbani sindimba haikuwa mchezo wa kutazamwa. Ilichezwa wakati wa kiangazi baada ya mavuno, katika furaha za jando na unyago, mbele ya watu waliowajua wachezaji kwa majina na kwa koo, na kile ambacho mgeni alikiona kuwa ni uchu kilikuwa pia somo kwa watoto waliokuwa wakitolewa utotoni. Duara lilikuwa na mlango mmoja tu, nao uliwekewa wanaoijua maana.

Jukwaa likalivunja duara hilo likawa mstari. Wachezaji waligeuzwa nyuso ziwatazame watu waliokaa viti vya mbele, usiku mzima ukawa dakika chache zinazoingia katika ratiba, nyimbo zikapewa maneno ya kusifu Chama na kilimo, na kiuno, kikiwa kimeondolewa katika somo lake, kikaongezwa mwendo, maana kilikuwa ndicho hadhira ilichokipigia makofi. Walioipokea wengi hawakuwa Wamakonde. Walikuwa vijana wa makabila mbalimbali waliofundishwa Dar es Salaam, wakaicheza kwa ustadi mkubwa. Kutoka hapo ikaingia shuleni, katika majeshi, katika vikundi vya utamaduni vya mashirika ya umma, hata mtoto wa Bukoba ambaye hajapata kuiona Newala katika ramani akaweza kuikata sindimba mbele ya mgeni wa heshima. Taifa lilipata ngoma, nami siwezi kusema kwamba taifa lilikosa haki ya kuitafuta. Lakini mtu wa uwandani akitazama sindimba ya jukwaani huona jambo analolijua likizungumza lafudhi ngeni.

Fauka ya hayo, serikali ilipeleka vijana takriban ishirini China mwaka 1965 kujifunza sarakasi, wakarudi mwaka 1969 wakiwa mafundi, na programu ya taifa ikawa ngoma na sarakasi bega kwa bega. Vikundi vya taifa vilipovunjwa, Chuo cha Sanaa kilifunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, na waliokuwa wachezaji wakawa walimu. Huko Bagamoyo sindimba ikafundishwa kwa hesabu ya hatua, kwa Watanzania na kwa wanafunzi wa Ulaya waliokuja kujifunza. Mmoja wa wasanii wa vikundi vile, Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alifuzu kupita wenzake: zeze na marimba yake vilimpeleka katika majukwaa ya Ulaya, akatoa santuri kwa kampuni ya Peter Gabriel, na alipofariki Desemba 2003 magazeti ya nje yalimlilia kwa jina. Zawose alikwenda na zeze lake mwenyewe, akiimba Kigogo chake mwenyewe, na ndiyo maana jina lake lilibaki. Wacheza sindimba walikwenda kama Tanzania, na jina la Tanzania likabaki.

Ili kuupima mwendo huu, na tuwaangalie Wakorea kidogo, kwa kuwa wao pia walianza wakiwa wanyonge. Nchi yao ilitawaliwa na Japani tangu mwaka 1910 hata 1945, kisha ikapasuliwa na vita. Kundi lao la kwanza kupata jina Marekani, Kim Sisters, lilikuwa la wasichana watatu, ndugu wawili na binamu yao, ambao baada ya vita waliwaimbia askari wa Kimarekani nyimbo za Kiingereza walizozikariri bila kuzifahamu, wakalipwa chupa za wiski ambazo mama yao aliwabadilishia chakula. Mwaka 1959 wakachukuliwa Las Vegas. Hapo tofauti na beni yetu ni ndogo sana: wote waliiga muziki wa askari wa kigeni, na wote waliuiga kwa akili. Lakini mwaka 1992 vijana watatu, Seo Taiji na wenzake, wakautia mtindo wa rapu katika Kikorea, na makampuni yaliyofuata yakajenga mfumo ambao ni nadra kuuona kwingine: mtoto huchukuliwa akiwa bado shuleni, akafundishwa kuimba, kucheza na kunena lugha za nje kwa miaka kadhaa, na akitolewa hadharani anakuwa amekwisha kuwa mali ya mkataba.

Kundi la BTS, la vijana saba, lilitokea Juni 2013, na safari yake ya mwaka 2019 ndiyo iliyonifanya nikumbuke sindimba. Waliimba Los Angeles, Chicago na New Jersey, wakashuka São Paulo, wakaujaza uwanja wa Wembley mjini London siku mbili mfululizo, tarehe 1 na 2 Juni, wakaenda Paris, Osaka na Shizuoka, wakaimba Riyadh tarehe 11 Oktoba, na kumalizia kwao Seoul. Sehemu kubwa ya nyimbo zao ni za Kikorea, na watu wa Brazil na Ufaransa waliziimba pamoja nao kwa Kikorea hicho hicho. Afrika haikuguswa hata kwa mji mmoja. Safari iliyokusudiwa mwaka 2020 iliangushwa na korona, na Desemba 2022 mkubwa wao kwa umri akaingia jeshini, maana sheria ya nchi yao haimsamehe kijana kwa sababu ya umaarufu. Mfumo wao una ukali wake, na uhuru wanaonyimwa vijana hao si mdogo. Ila hakuna anayeweza kutoa mtu mwingine akaimba badala yao na kuuza kiingilio kwa jina la Korea. Wimbo na mwimbaji husafiri katika ndege moja, na tiketi ina majina yao.

Uwanda wa Makonde ulilipata hilo kwa njia ambayo wizara haikuipanga. Rajab Abdul Kahali, aliyezaliwa mkoani Mtwara na ambaye kwao ni Tandahimba, alikwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, akaingia katika kampuni ya Wasafi ya Diamond Platnumz, na mwaka 2015 wimbo wake wa 'Aiyola' ukamtoa kwa jina la Harmonize. Mwaka 2018 'Kwangwaru', alioimba na Diamond, ulisikika katika kila daladala na kila harusi. Mwaka uliofuata aliondoka Wasafi akaanzisha kampuni yake, na akaipa jina ambalo watu wa mjini walikuwa wamelizoea kama mzaha dhidi ya watu wa kusini: Konde. Mtu aliyekulia Dar es Salaam katika miaka ya nyuma anajua jinsi Mmakonde alivyotaniwa kwa chale zake usoni na kwa kazi yake ya ulinzi wa usiku; kijana huyu alilichukua jina lile akalitundika juu ya mlango wa biashara, akajiita Konde Boy, na vijana wa Arusha na Mwanza wakavaa fulana zenye neno hilo. Mwaka 2020 akatoa albamu ya 'Afro East', na mwaka 2021 akaizunguka Marekani akiwaimbia Waafrika wa Mashariki wanaoishi huko.

Siwezi kusema kwamba alichokipeleka Marekani ni sindimba. Muziki wake ni bongofleva, uliochanganyika na midundo ya Lagos, na hakuna msondo wala kinganga ndani yake. Wimbo wake wa 'Uno', wa mwaka 2019, husifu kiuno kama uwanda ulivyokisifu siku zote, lakini kwa ngoma iliyotengenezwa katika kompyuta. Wazee wengine wa Masasi humsikiliza kwa fahari wasiyoificha, na wengine husema kwamba mwana amekwenda akasahau mzigo. Pande zote mbili zina hoja. Mwaka 1906 sauti ilikwenda Leipzig bila mtu. Katika miaka ya sitini ngoma ilikwenda na watu wasio wenyewe. Safari hii mwenyewe amekwenda, na ngoma imebaki Newala na Tandahimba, ambako kiangazi kikiingia na korosho zikaanza kuchanua, watoto wa jando hutoka na vinganga huchomekwa ardhini, bila kiingilio.